Ndoto za Sauzi si za Alinacha

Mhariri, makala mliyochapa majuzi, inayowaita vijana wanaoota Johannesburg wavivu wenye ndoto za Alinacha, ilinichekesha kwanza, kisha ikanikera.

Mwandishi wake asimame Braamfontein, hapa Johannesburg, juu ya Daraja la Nelson Mandela: mita 284, lilifunguliwa 2003, chini yake reli zaidi ya 40. Awaulize wageni wanaopita hapo ni yupi alifika bila kuiota safari kwanza. Mimi niliiota miaka miwili kabla ya kupanda basi Dar es Salaam. Ndoto haikunilipia nauli. Ilinifanya niiwekee akiba.

Anasahau pia kuwa njia hii ina pande mbili. Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto 1976, vijana wa huku waliota kaskazini. Tanzania ikawapokea Mazimbu, Morogoro, ambako chama cha ukombozi cha ANC kilijenga shule yenye jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Aprili 6, 1979 akiwa na miaka 22. Leo jina hilo liko kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) palepale Mazimbu, na kwenye jengo la Chuo Kikuu cha Wits, hapahapa Braamfontein. Nao walikuwa wavivu?

Kweli, Mei 2008 wageni waliuawa jijini humu. Kosa ni la waliowaua, si la usingizi wa waliouawa.

Mwandishi akitaka kuwasaidia vijana, awaeleze pasipoti inavyopatikana na nauli ni kiasi gani. Kuota watajiotea wenyewe.