Sketi Inapimwa, Tasnifu Je?

Waungwana, hapa Sakina ukitaja chuo kikuu cha kanisa, mjadala unaishia kwenye sketi. Imefika magotini? Suruali je, inabana? Mlinzi wa getini kageuka shemasi!

Mimi nauliza jingine: tasnifu umeiandika mwenyewe? Aliyemlipa mtu amwandikie utafiti anapita getini bila kuguswa, maana kavaa vizuri. "Usiibe" imo katika amri kumi. Urefu wa sketi haumo.

Wapo wanaoona dini na taaluma ni mizani, ukiongeza huku unapunguza kule. Si kweli. Upande wa pili wa mji, barabara ya Moshi, kuna Makumira, chuo kikuu cha Walutheri ambacho chimbuko lake ni chuo cha theolojia cha mwaka 1947. Huyo Luther mwenyewe alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Wittenberg. Mwaka 1517 alitoa hoja 95 ili zijadiliwe. Kanisa zima limetokana na mhadhiri mbishi! Sasa mwanafunzi akibisha darasani kwa hoja, amekosa adabu gani?

Sisemi watu waende darasani nusu uchi. Chuo kina haki ya kuweka kanuni zake. Nasema ukali ule wa getini uingie pia chumba cha mtihani na ofisi za wanaosimamia tasnifu. Mwalimu aliyenunua shahada atawaharibu watoto wetu hata akivaa kanzu.

Mnasemaje, wadau?