Kipimo cha maji ya mimba: 'Vumilia' si dawa ya maumivu

Kwetu Pwani, mwanamke akilalamika maumivu hospitalini, jibu huwa moja: vumilia, mama. Kwenye kipimo cha kuchota maji ya mimba, naona jibu hilo ni uzembe.

Kipimo hiki hufanywa mimba ikishafika wiki 15. Daktari hupitisha sindano ndefu, nyembamba, tumboni huku akiifuata kwa skani, akachota maji kidogo yanayomzunguka mtoto. Maji hayo huonyesha kama mtoto ana kasoro ya kromosomu, au amerithi seli mundu, maradhi ambayo familia nyingi za Kilifi zinayajua vizuri.

Wengi hudhani suluhisho ni ganzi. Lakini mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2011 yalionyesha kuwa ganzi ya ngozi haipunguzi maumivu kwa kiasi cha maana. Ganzi hiyo yenyewe ni sindano nyingine inayochoma. La kutia moyo ni kuwa wanawake wengi waliopimwa huyataja maumivu yenyewe kuwa madogo.

Basi kinachowatesa zaidi mama zetu ni hofu. Anayelazwa kitandani bila kujua anafanyiwa nini hukaza mwili, na mwili uliokazwa huumia zaidi.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa faida, hatari na njia nyingine zilizopo, kwa lugha anayoielewa. Mama wa Lamu au Kwale aelezwe kwa Kiswahili au lugha ya kwao, kabla sindano haijatolewa kwenye pakiti yake. Aambiwe sindano hukaa ndani kwa muda mfupi tu, na kwamba mimba huharibika kwa chini ya mama 1 kati ya 100. Aambiwe pia anaweza kukataa. Mwenye damu ya Rhesus hasi ajue atahitaji sindano ya kinga. Akitaka ganzi, apewe. Akitaka mumewe au mamake amshike mkono, aruhusiwe. Na asiondoke bila kujua kwamba akivuja damu au maji, au akipata homa, arudi mbio.

Haya yote hayahitaji mashine mpya wala bajeti ya kaunti. Yanahitaji dakika kumi za mazungumzo. Mama, dada, ukipelekwa kwenye kipimo hiki, zidai dakika hizo. Ni haki yako.