Suala la Istihadha Lisiishie Kwenye Udhu

 

Katika madarasa ya akina mama hapa Nachingwea na Ruangwa, suala linaloulizwa mara kwa mara, tena kwa sauti ya chini au kwa kumtuma mwingine, ni la damu: siku za hedhi zimekwisha, damu haikomi, je, mtu aswali? Jawabu la fiqhi linajulikana. Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alipomwendea Mtume (s.a.w.) na suala hilo hilo, alifahamishwa kuwa damu hiyo ni ya mshipa wala si hedhi, na kwamba asiache Swala. Hiyo ndiyo istihadha. Mwanamke hujisafisha, hutia udhu kwa kila Swala ya faradhi, akaswali.

Jawabu hilo limetimiza haki ya ibada. Imebaki haki ya mwili, na Mtume (s.a.w.) ndiye aliyetuamrisha kujitibu. Damu isiyo na wakati, damu itokayo baada ya tendo la ndoa, na damu inayomrudia mama aliyekwisha koma hedhi, ni miongoni mwa dalili za saratani ya mlango wa kizazi. Si kila istihadha ni saratani, lakini wa kupambanua ni mtaalamu wa hospitali, si ustadhi.

Jambo hili si dogo. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 nchini Tanzania waliugua saratani hiyo katika mwaka mmoja, na zaidi ya 6,500 walifariki. Ajali wote ni wa Allah, lakini sababu zimewekwa ili zifuatwe. Maradhi haya huanza na mabadiliko madogo ambayo kwa kawaida huchukua miaka mingi kabla ya kuwa saratani. Katika muda huo mwanamke haoni maumivu wala damu. Mhudumu hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, na sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe. Ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi tiba hutolewa siku hiyo hiyo. Anayesubiri mpaka damu imwagike huenda akapelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Nachingwea, na wakati mwingine akafika pasipo la kufanya ila kupunguziwa maumivu.

Ni nini basi kinachowazuia dada zetu? Wengine husema ni haya. Haya ni katika imani, lakini Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Ama stara, fuqahaa wamekwisha lieleza. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao Jeddah, katika kikao chake cha mwaka 1993, lilipanga utaratibu: mgonjwa wa kike atibiwe na tabibu wa kike Mwislamu, akikosekana, wa kike asiye Mwislamu, akikosekana, wa kiume Mwislamu, kisha wa kiume asiye Mwislamu, bila faragha na bila kuangalia kuliko haja.

Wengine huogopa maneno, kwamba haya ni maradhi ya wazinifu. Ni kweli kuwa virusi viitwavyo HPV huambukizwa kwa kujamiiana, lakini mke mwema huvipata kwa mumewe katika ndoa ya halali, na vyaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Anayemtuhumu mwanamke mtwaharifu kwa sababu ya maradhi yake amekaribia dhambi nzito ya qadhf, na atajibu mbele ya Mola wake.

Kwa hiyo tunanasihi mambo manne. Walimu wa akina mama, kila wanapojibu suala la istihadha, wamalizie kwa kumwelekeza muulizaji hospitalini. Maimamu waliseme jambo hili katika khutba, na kamati za misikiti ziombe hospitali ya wilaya ipange siku ya uchunguzi yenye wahudumu wa kike. Waume, korosho na ufuta vikishauzwa, watenge nauli ya wake zao, hasa wenye umri wa miaka 30 hadi 50, hata kama hawaumwi. Na wazazi wasiwazuie mabinti wao chanjo ya HPV, ambayo nchini mwetu hutolewa bila malipo kwa wenye miaka 9 hadi 14. Malaysia, nchi ya Waislamu wengi, inawachanja mabinti zake tangu mwaka 2010.

Mwanamke anayeuliza kuhusu damu yake ameuleta msikitini uhai wake pamoja na Swala yake. Tusimrudishe nyumbani na jawabu la kimoja tu.