Tuache Kusema Hatukujua

Kila yanapotajwa mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino mkoani Rukwa, hapa Sumbawanga utasikia utetezi uleule: waliofanya ni wageni, ni wafugaji waliohamia Bonde la Ziwa Rukwa na imani zao, sisi wenyeji hatukujua. Huo ni uongo, na unawakinga wahalifu.

Februari 2013 mama mmoja alivamiwa usiku nyumbani kwake, akakatwa mkono. Mumewe alitajwa kuwa miongoni mwa wavamizi. Mwezi huohuo mtoto wa kiume alikatwa mkono akitoka shule. Machi 2015 mtoto mwingine, wa miaka sita, alikatwa kiganja, na baba yake mzazi akawa kati ya waliokamatwa na polisi. Mume na baba nao ni wageni?

Hata anayetoka mbali kweli hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Atajuaje chumba anacholala mtoto? Atajuaje njia ya kutoka shuleni, na saa ambayo haina watu? Yuko aliyemwelekeza. Yuko aliyempa mahali pa kulala na kumsongea ugali. Yuko mganga ambaye majirani wanajua anaagiza nini kwa wateja wake. Serikali yenyewe ilikwishaona kuwa watu wanajua: mwaka 2009 iliitisha kura za siri ili wananchi waandike majina ya wanaowashuku, na majina yakaandikwa.

Wakazi wa Weimar, Ujerumani, nao walisema hawakujua. Kambi ya mateso ya Wanazi ya Buchenwald ilikuwa kilimani, kilomita nane hivi kutoka mjini kwao, na kati ya 1937 na 1945 wafungwa zaidi ya 50,000 walifia humo. Miaka ya mwanzo maiti zilishushwa mjini zikachomwe kwenye tanuri la manispaa. Aprili 1945 wanajeshi wa Marekani waliwapandisha wakazi wapatao 1,000 wakajionee. Wengi walilia. Silinganishi idadi ya vifo. Nalinganisha ukimya wa majirani.

Nasi tulilia. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mwana wa Mpanda iliyokuwa bado Rukwa, alitokwa machozi bungeni akizungumzia mashambulizi haya. Naamini yalitoka moyoni. Miaka minne baadaye mapanga yalikuwa yanakata mikono ya watu huku kwetu.

Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, na miezi miwili baadaye yule mtoto wa miaka sita akakatwa. Amri ya Dodoma au Dar es Salaam haiwezi kufanya kazi ya jirani. Mwenyekiti wa kitongoji, mchungaji, padri, shehe, mama lishe wa stendi: kama unaijua nyumba alikofikia mnunuzi wa viungo vya watu au dalali wake, nenda kamtaje polisi. Mtaje hata akiwa ndugu yako wa tumbo moja.