Mashine ya kupumulia si hukumu ya kifo, ila inahitaji mtu wa kuiangalia

Katika mawimbi yote ya UVIKO-19 tuliyopitia, kuna kauli moja niliyoisikia wodini kuliko nyingine zote: "Daktari, msimwekee oksijeni, akishawekewa tu basi." Wanaosema hivyo si wajinga. Wameona ndugu na majirani wakiwekewa mashine, kisha wakafa. Lakini wengi wa wagonjwa hao walifika hospitali wakiwa hoi, midomo imeshabadilika rangi, baada ya siku tano au sita za kujifukiza nyumbani. Ugonjwa ulifanya kazi yake, lawama ikabebeshwa oksijeni.

Naliandikia jambo hili kwa sababu mkopo wa IMF uliozaa mpango wa shilingi trilioni 1.3, uliozinduliwa na Rais Samia Oktoba 2021, ulileta vifaa vya wagonjwa mahututi katika hospitali zetu. Na Januari 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uitwao RECOVERY-RS, ambayo yanatuhusu moja kwa moja.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Iko mashine ambayo mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa, akapitishiwa mpira kooni hadi kwenye njia ya hewa, na mashine ikapumua badala yake. Hiyo ndiyo inayotisha, na kweli hutumika hali ikiwa mbaya sana. Nyingine ni CPAP. Hapa mgonjwa yuko macho na anapumua mwenyewe, ila amevaa barakoa iliyobana vizuri usoni, inayosukuma hewa yenye oksijeni kwa mgandamizo usiokatika. Mapafu yana vifuko vidogo sana vya hewa. Nimonia ikivijaza majimaji, vinanywea na kushikamana kama puto lililolowa. Mgandamizo ule unavizuia visifunge kila mgonjwa anapotoa pumzi, hivyo oksijeni inapata pa kupita.

Waingereza waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,200 wa UVIKO-19. Katika kundi lililopewa oksijeni ya kawaida, takriban 44 kati ya kila 100 ama walifariki ama walihitaji mpira kooni ndani ya siku 30. Waliotumia CPAP walikuwa 36. Niseme wazi kwamba faida hiyo ilitokana zaidi na kupunguza waliohitaji mpira. Kwa vifo peke yake tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuitegemea. Hata hivyo, katika nchi yenye vitanda vichache vya ICU, kumwepusha mtu na mpira ni jambo kubwa.

Njia ya tatu iliyopimwa, ile ya kupuliza oksijeni nyingi puani kwa kasi, haikuonyesha faida juu ya oksijeni ya kawaida. Hili lina uzito kwetu. Mtungi mkubwa wa hospitali hubeba takriban lita 6,800. Mgonjwa anayetumia lita 5 kwa dakika huutumia kwa zaidi ya saa 22. Mashine ya kasi ikifunguliwa hadi lita 60 za oksijeni tupu kwa dakika, mtungi huohuo hauishi hata saa mbili. Mgonjwa mmoja anaweza kumaliza akiba ya wodi nzima kabla hakujapambazuka.

Wazazi, wengi wenu mmeiona CPAP ya watoto bila kujua jina lake: mirija midogo puani, na mwisho wa bomba umetumbukizwa kwenye chupa ya maji yanayotoa mapovu. Kina cha bomba ndani ya maji ndicho kinachopima mgandamizo. Ni kifaa rahisi, na mjini Dhaka, Bangladesh, kilipunguza vifo vya watoto wenye nimonia kali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Lakini jirani zetu Malawi walipokijaribu katika wodi ya hospitali ya wilaya, kwa watoto waliokuwa dhaifu zaidi na bila daktari wa kuwaangalia kila siku, watoto 17 kati ya 100 walifariki, ikilinganishwa na 11 waliopewa oksijeni ya kawaida. Utafiti huo ulitoka mwaka 2019, nami sichoki kuwatajia wanaopenda kupiga picha za makabidhiano ya mashine. Barakoa ikilegea, mtoto akitapika, tumbo likijaa hewa, lazima awepo mtu wa kuona.

Kwa hiyo ndugu yako akiwekewa CPAP, usiitoe barakoa ili umpe uji. Muulize muuguzi kwanza. Huenda akahitaji kulishwa kwa namna nyingine. Akiambiwa alale kifudifudi, msaidie. Tafiti za mwaka 2021 zimeonyesha kwamba kulala hivyo akiwa macho hupunguza uwezekano wa kuhitaji mpira kooni. Akianza kusinzia kusiko kwa kawaida au kuongea maneno yasiyoeleweka, ita mtu mara moja, usidhani amepata nafuu.

Na usingoje nyumbani. Kipimo cha kidoleni kikisoma chini ya 94 kwa mtu aliyekuwa mzima, nenda hospitali. Chini ya 90 ni dharura. Kama huna kipimo, mwangalie mgonjwa: hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, au mtoto anashindwa kunyonya na kifua kinabonyea ndani anapopumua. Ukifika, uliza oksijeni ipo kiasi gani, na usiku ni nani anayekuwa zamu kwenye mashine hizo. Swali hilohilo mpelekee diwani wako atakapokuja kutangaza vifaa vipya.