Wanakwaya wa Zamani, Shule Inawaita

Ndugu wananchi wa Kwa Vonza, Kitui, nanyi watoto wetu mlio Nairobi, Mombasa na ng'ambo,

Mnaikumbuka kwaya ya shule? Mnamkumbuka mwalimu aliyewabakisha baada ya masomo, jua likizama, mkirudia ubeti mmoja mpaka sauti ya pili ikae mahali pake? Wengi wetu tulipomaliza shule tuliyaacha hayo pale pale. Wachache waliendelea, na leo muziki ndio unaowalipia kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Watazameni wanamuziki wa Sauti Sol. Bien, Chimano na Savara walijuana wakiwa wanafunzi wa Upper Hill, Nairobi, wakiimba pamoja. Mwaka wa 2005, shule imekwisha, wakaunda kundi, naye Polycarp akajiunga nao na gitaa lake. Albamu yao ya kwanza, Mwanzo, ilitoka 2008. Tuzo ya MTV ya Ulaya ya msanii bora wa Afrika waliipata 2014.

Kutoka 2005 hadi 2014 ni miaka tisa. Mzazi mwenzangu, mwanao akikuambia anataka kuishi kwa muziki, utamvumilia miaka tisa? Si swali jepesi, najua, hasa mwaka ambao mvua imekosekana na ndengu hazikujaa hata debe. Lakini kumsikiliza akifanya mazoezi jioni hakugharimu kitu. Na kama nyanya yake anazijua nyimbo za kilumi, ngoma ya jadi ya Wakamba, basi mwalimu wa kwanza yumo humo humo nyumbani.

Ukambani kwetu njia hii si ngeni. Marehemu Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers waliimba kwa Kiswahili, na benga yao ikachezwa Kenya nzima. Siku hizi hata mtaala umefungua mlango: sekondari pevu ina mkondo wa sanaa na michezo, na watoto wa kwanza wa Gredi ya 10 waliuingia Januari 2026. Je, watapiga ala zipi? Nani atawaonyesha mahali pa kuweka vidole?

Hapo ndipo nawaomba ninyi mliotangulia katika muziki. Ukija nyumbani muhula ukiendelea, pitia shule uliyosoma, ukae na kwaya kwa saa mbili. Waeleze jinsi unavyojipatia riziki: mkataba unavyosomwa, wimbo unavyosajiliwa ili ukulipe, miezi isiyo na kazi unavyoivuka.

Wanafunzi wa chuo kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU), ninyi mko karibu kuliko sisi sote. Hata kama unasomea kilimo, ikiwa uliwahi kufika Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwapo tangu 1927, unajua jaji anasikiliza nini. Jumamosi moja kwa mwezi katika shule ya jirani, je, itakushinda?

Nasi tuliobaki tuna sehemu yetu. Ukimwita kijana akupigie kinanda harusini, patana naye bei mapema, umlipe siku ile ile. Sahani ya pilau ni ukarimu mzuri, ila haimfikishi kwao. Mwenye duka la mbao, una vipande vya kutengenezea kigoma? Fundi wa redio, unaweza kuunganisha spika ya shule iliyonyamaza? Mwalimu mkuu, tunakuomba chumba kimoja saa za jioni, na ufunguo.

Na wewe uliye mjini, lile gitaa lililokatika nyuzi mbili, lililo juu ya kabati, bado linafaa. Lifute vumbi, panda nalo gari la Kitui, ushuke Kwa Vonza. Watoto watakupokea stejini walibebe wenyewe.