Alumini Siyo Chuma Chepesi!

Nilipotea kidogo, fildi ilinibana. Leo nimerudi na hasira, mnivumilie.

Shule niliyokuwa nafundisha (jina naliacha) ilikuwa na rafu za maabara za bati la chuma, zimeliwa na kutu. Fundi akaambiwa: tengeneza zilezile kwa alumini, unene uleule, nyepesi na hazishiki kutu. Wiki ya pili zikabonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Chupa ya asidi ikateleza, ikapasukia hatua mbili tu kutoka kwa mtoto wa kidato cha pili. Mungu saidia.

Lawama zote kwa fundi. Mimi nasema hapana, kosa ni letu walimu! Tunakaririsha densiti: chuma 7.85, alumini 2.7. Mtoto anapata A, anaondoka akiamini alumini ni chuma kilichopungua uzito. Ugumu wa kupinda nani anaufundisha? Chuma ni kama gigapaskali 200, alumini 70. Yaani umbo lilelile, unene uleule, mzigo uleule, alumini inabonyea karibu mara tatu!

Ukitaka bati bapa la alumini likaze sawa na la chuma la milimita 1, weka kama milimita 1.4. Uzito unabaki kama nusu, siyo theluthi uliyoahidiwa. Faida bado ipo jamani, ila lazima uchore upya. Ama uongeze kimo cha kingo unazokunja, na hapo napo angalia: alumini ya 6061-T6 ukiikunja kona kali inapasuka, 5052 inakubali.

Tazameni Landrova ya 1948. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, wakaweka bodi ya alumini. Lakini chesisi? Chuma! Walijiuliza kila kipande kinabeba nini. Na hata hivyo, pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, unaona unga mweupe.

Wenzangu wa ualimu, tukimaliza hapa tutapewa chaki na watoto wa watu. Tukiendelea kukaririsha namba bila kuuliza "kitabonyea kiasi gani?", siku nyingine ile chupa haitakosa mtu.

Naomba kuwasilisha.